Taarifa ya Kamati Maalumu ya Uteuzi wa Shotigani

Kwa heshima na taadhima, Umoja wa Wana Afrika Mashariki wa Magharibi mwa Sydney unapenda kuutangazia umma kwamba zoezi la kuchagua shotigani ya Umoja limekamilika kwa mafanikio makubwa. Bunduki yenyewe haikupatikana. Mimi, Innocent, Katibu wa Kamati Maalumu, ndiye niliyeandika kumbukumbu zote, kurasa mia moja na arobaini, kwa hiyo haya ninayoyasema nina ushahidi wake.

Chanzo ni mbweha. Mwanachama wetu Jepchumba ni muuguzi hapa Blacktown, na siku asizokuwa na shifti hufuga mbuzi katika shamba lake dogo, mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari. Mbuzi wa sherehe zetu zote hutoka kwake. Mwezi wa Agosti alisimama kwenye mkutano wa wanachama, bado amevaa sare ya kazi, akasema mbweha wamekula watoto wa mbuzi kumi na mmoja ndani ya siku nane.

"Asubuhi nampata mama mbuzi amesimama kando ya mguu mmoja wa mwanawe uliobaki," alisema. "Anaulamba. Hataki kutoka hapo." Akamgeukia Mwenyekiti. "Naomba leseni ya shotigani. Polisi wanataka barua ya watu wanaojua kwamba nafuga mbuzi wa kuuza. Ukurasa mmoja tu, Mwenyekiti. Hata nusu."

Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Njenga, aliguswa. Ni mtu wa kuguswa haraka. Alisimama, akafunga vifungo vya koti, akatamka kwamba suala zito kiasi hicho haliwezi kuachiwa barua. Hapo hapo akaunda Kamati ya watu wanne: yeye mwenyewe, mimi, Mama Aline wa kutoka Bukavu, na Mzee Oloo, aliyeteuliwa kwa utaalamu, maana alilinda benki Kisumu miaka sita, ingawa kwa rungu.

"Na barua?" Jepchumba aliuliza.

"Barua iko mezani," alijibu Mwenyekiti. Ilikuwepo kweli. Niliiweka mimi, ikisubiri sahihi yake.

Kwa wasiofahamu, shotigani ya pampu ni ile ambayo ukishapiga risasi moja, unavuta kishikio cha mbele nyuma na mbele ndipo upige nyingine. Kamati ilibaini kuwa zinazopendwa zaidi ni mbili. Moja ina kitako cha mbao, na kitufe chake cha usalama kiko karibu na kifyatulio. Nyingine ni nyeusi, ya plastiki, na kitufe kiko juu, mahali kidole gumba kinapofika chenyewe. Kwa kuwa hakuna mjumbe aliyekuwa na leseni ya kugusa hata mojawapo, majaribio yalifanyika katika ukumbi wa kanisa kwa kutumia ufagio badala ya ile ya mbao, na mopu badala ya ile ya plastiki.

"Mimi ni wa shoto," alisema Mzee Oloo, ufagio ukiwa begani. "Hiki kitufe cha pembeni kiliwekewa watu wa mkono wa kulia. Huo ni ubaguzi, tena wa wazi."

"Jepchumba anatumia mkono gani?" Mama Aline aliuliza.

"Hilo halimo katika hadidu za rejea," alisema Mwenyekiti.

"Lakini Prezida, ni yeye atapiga. Tumuulize mwenyewe, basi."

"Tukianza kuuliza watumiaji, Mama, hatutamaliza."

Vikao vitatu vilitumika kwenye sauti ya pampu. Mwenyekiti aliitoa kwa mdomo, kra-chak, kwanza kama mbao, halafu kama plastiki, nasi tukapiga kura kwa siri. Kufikia hapo watoto wa mbuzi walioliwa walikuwa kumi na tisa.

Oktoba, Jepchumba alikuja moja kwa moja kutoka hospitalini na kuketi kiti cha nyuma. Alisubiri mpaka Mzee Oloo alipoteremsha mopu.

"Mwenyekiti, ile barua."

"Dada, tuko kwenye hatua ya rangi. Usituharakishe."

Jepchumba aliinuka. Alinitazama mimi. Nikatazama karatasi zangu. Niliona haya kidogo, jambo ambalo halimo kwenye kumbukumbu.

Baadaye nilikuja kujua alichofanya. Alimwendea daktari wa mifugo wa kule shambani, mtu aliyewahi kuwachanja mbuzi wake wote, na daktari akamwandikia barua akiwa amesimama, karatasi juu ya boneti ya gari. Leseni ikafuata taratibu zake, ikatoka. Dukani alionyeshwa zote mbili, akainua moja, akainua ya pili, akachukua. Dakika nane. Nilipomuuliza alitumia vigezo gani, alisema, "Moja ilinikaa begani." Mpaka leo sijapata fungu la kukiandikia kigezo hicho. Ndani ya wiki mbili mbweha watatu walikuwa wamekufa, na waliobaki wakahama.

Kamati haikuarifiwa, kwa hiyo iliendelea. Mwezi wa Februari tuliafiki ile nyeusi, na Mwenyekiti akawaandikia polisi kwa mkono wake kwamba shotigani ya Umoja itatunzwa nyumbani kwake Toongabbie, chini ya kitanda, kwa kuwa kiongozi wa ngazi yake anahitaji ulinzi. Mimi niliambatisha kumbukumbu, kurasa zote.

Polisi wawili walifika kwake Jumanne mchana, wapole sana. Yule afisa wa kike aliketi kwenye sofa, kumbukumbu zangu mapajani. Nilikuwepo; ninatafsiri mazungumzo yao.

"Unataka bunduki ya kujilinda?"

"Kabisa," alisema Mwenyekiti.

"Dhidi ya nani?"

Mwenyekiti alifikiri. Ni mtu mkweli anapoulizwa na serikali.

"Wanachama," alisema. "Tuna uchaguzi mwezi wa Juni."

Afisa aliandika hilo neno kwa neno. Kisha akamweleza kwamba hapa hiyo si sababu ya kupewa bunduki, kwamba ombi limekataliwa, na kwamba mpaka wamalize kulitazama faili lake, ni busara akae mbali na mahali popote penye silaha.

Sherehe ya Pasaka mwaka huu ilifanyika shambani kwa Jepchumba, ambako shotigani imefungiwa ndani ya kabati la chuma. Mwenyekiti, kwa kuheshimu agizo, aliegesha gari barabarani na kuketi nje ya uzio. Alihutubia kwa dakika arobaini. Upepo ulikuwa mkali, tukasikia "maendeleo" mara mbili. Jepchumba alimpelekea sahani ya nyama, akampitishia katikati ya nyaya, akamwambia ale ingali moto.

Tulipokwisha kula, Mama Aline alitoa hoja kwamba mikutano yote ya Umoja, ule wa uchaguzi ukiwemo, ifanyike shambani hapo. Mikono ikapanda yote. Mwenyekiti naye alinyoosha wake, akipinga kwa sauti, lakini kwa kuwa alikuwa nje ya kikao, nimemwandika kama mpita njia.