Skrini ya Moto Pale Mapokezi

Jumatatu, 16 Juni 2025

Saa tatu asubuhi, na nimeshajiponza. Tajiri wetu, Bwana Quresh, kaleta skrini ya kutundika mapokezi. Itaungwa na mtambo mkuu wa kengele ya moto ulio nyuma ya stoo, ili moshi ukitokea ionyeshe ni chumba gani. Akauliza kama aite fundi kutoka Dar. Nikasema wa nini, na mimi nipo? Mimi ndiye fundi umeme wa hoteli. Taa nabadilisha vizuri sana. Hafidha wa mapokezi akaniuliza kwa upole kama nimewahi kufunga kitu cha namna hii. Nikasema mara nyingi. Ukweli, hata boksi lake sijawahi kuliona.

Ijumaa anakuja mkaguzi wa zimamoto. Tajiri kasema nikiweza, cheo cha mkuu wa matengenezo ni changu. Hija, fundi bomba, anakitolea macho cheo hicho mwaka wa pili sasa. Nimefurahi mno kumnyima.

Jumanne, 17 Juni

Skrini ipo ukutani. Imepinda kidogo. Ikawaka, ikataka namba. Kitabu cha maelekezo kinasema kila kifaa kiwe na namba yake peke yake. Nikafunga kitabu, nishaelewa. Nikaipa namba moja. Kitu kinachotazamwa na wageni hakiwezi kuwa namba tano.

Ikaandika: HAKUNA MAWASILIANO. Nikaizima, nikaiwasha. Mara kumi na moja. Hija akapita na spana begani, akauliza kama nimeipa chai.

Mchana Hafidha akachukua kile kitabu, akasoma huku anakula, kisha akauliza mtambo mkuu una namba gani. Nikaenda kutazama. Moja. Vyote viwili vinaitika jina moja, basi hakuna anayesikilizana na mwenzake. Nikarudi nikatangaza kwamba nimegundua tatizo. Nikaipa skrini namba mbili, ikaanza kuongea. Tajiri akanipongeza. Hafidha alikuwa amesimama pale pale, kitabu bado mkononi.

Jumatano, 18 Juni

Leo majina. Tuna vitambua moshi ishirini na vinne, na kila kimoja lazima skrini ikijue kwa jina la chumba. Hafidha akashauri nipite chumba hadi chumba nikivipulizia moshi, yeye asome kinachotokea. Kazi ya siku nzima. Nikaona Hija atasema nimefundishwa kazi na msichana wa mapokezi. Nikakaa chini ya feni, nikayaingiza majina kwa kufuata ramani ya zamani ya hoteli. Adhuhuri nimemaliza. Nikampita Hija makusudi, napiga mluzi.

Alhamisi, 19 Juni

Saa nne na nusu kengele ikalia. Skrini ikaandika: MOTO, CHUMBA NAMBA TISA. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nikakimbia na mtungi wa kuzimia moto, nikavunja mlango kwa bega. Ndani kulikuwa na Bi Mehzabin, mgeni wa harusi, anapakwa hina. Nikamimina unga wote. Hapakuwa na moto. Palikuwa na bibi mweupe kuanzia kichwani, ananiuliza amenikosea nini.

Ile ramani ni ya kabla hoteli haijajengwa upya. Kitambua moshi cha namba tisa siku hizi kiko chumba cha kufulia. Humo pasi ilikuwa imeunguza meza na shuka zimeshika moto, na Bi Raya, dobi wetu, masikio yake mazito, alikuwa ameipa mgongo anakunja taulo. Hafidha ndiye aliyenusa nguo zinazoungua. Yeye na Hija wakamtoa, wakauzima moto. Hija kaungua kiganja.

Nilipofika alikuwa amekiloweka kwenye ndoo. Nilitegemea matusi.

"Bwanausi," akasema taratibu, "mama wa watu angekufa."

Nikaenda kumletea maji mengine ya baridi.

Ijumaa, 20 Juni

Tangu alfajiri mimi na Hafidha tumepita vyumba vyote. Mimi napuliza moshi, yeye anasoma. Majina kumi na moja yalikuwa ya uongo. Mkaguzi kaja baada ya sala ya Ijumaa, kajaribu vitambua moshi vitano, vyote sawa. Tajiri kamkabidhi Hafidha mfumo wote wa kengele. Ukuu wa matengenezo kapewa Hija, bandeji mkononi. Nilipiga makofi. Kwa kweli nilipiga kwa moyo.

Jumamosi, 21 Juni

Nimekwenda kwa Bi Raya. Nikamwamkia shikamoo mara mbili ndipo akasikia. Nikamweleza kosa langu lote kwa sauti kubwa, na majirani nao wakalipata. Kanisamehe, kanipa na kitumbua. Nikarudi nyumbani mwepesi. Nimeapa: nisichokijua, nitasema sikijui.

Saa kumi simu. Daktari wa meno wa Mapinga. Kiti chake kipya cha umeme kimepanda, hakishuki, na mgonjwa bado yuko juu, mdomo wazi. Anauliza kama viti hivyo navifahamu.

Nimemwambia asiguse kitu chochote. Niko njiani.