Kura za Ng'ombe wa Dundori

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeteuliwa! Mimi, Kiarie, muuza soksi na beki wa kushoto wa Kaptembwo Rovers, niko kwenye kura ya Mchezaji Bora wa Mwezi. Ukurasa wa Mpira Bondeni umeweka picha yangu Facebook. Unaandika jina la mchezaji chini yake, basi, umepiga kura; kura moja kwa siku, mpaka Ijumaa usiku. Wameniteua kwa lile bao langu la kutoka nusu yetu. Kusema kweli nilikuwa naondoa hatari tu, upepo ukafanya mambo yake. Hilo litabaki hapa.

Mpinzani ni mmoja: Khisa, straika wa Dundori. Dundori kuna nani? Viazi na ng'ombe. Kaptembwo ukipiga chafya, mtaa mzima unakuambia pole.

Na lazima nishinde. Kocha Salmin amesema fainali ya Jumapili dhidi ya hao hao Dundori nafasi yangu anampa kijana Lewis, mimi nikae benchi. Lakini nani atamweka Mchezaji Bora benchi? Hii ni fainali yangu ya kwanza na, kwa magoti haya, ya mwisho. Kura yangu mwenyewe nitaipiga dakika ya mwisho. Kujipigia mapema ni aibu.

Jumanne, 5 Agosti

Nimefungua grupu la WhatsApp, nikaingiza kila namba niliyo nayo, hata fundi wa choo. Jina: "Tumsaidie Kiarie." Kabla sijaandika neno, watu wakaanza kutoka. Walidhani ni mchango wa hospitali! Sijawahi kuona watu wakitoroka hivyo, hata askari wa kanjo wakivamia soko. Amebaki mama yangu na Sue, mke wangu. Sue ameniuliza kwa upole kama mimi ni mgonjwa.

Jumatano, 6 Agosti

Maajabu. Nililala nikiongoza, nimeamka Khisa amenipita mbali. Na jana ilikuwa hivyo hivyo! Kura zake zinaingia alfajiri, kwa mpigo, kisha kimya mchana kutwa. Nani anapiga kura alfajiri na baridi hii ya Nakuru?

Nikafungua akaunti zao. Picha ya ng'ombe. Ng'ombe. Kabeji. Ng'ombe tena, huyu amevaa utepe wa maonyesho ya kilimo, na akaunti inaitwa "Queen wa Dundori". Roboti! Nimesimama na soksi mkononi, mdomo wazi. Nimekasirika, lakini wizi mkubwa namna hii lazima uuheshimu kidogo. Nimemwandikia Umaima, mwenye ukurasa, kwamba Queen si mtu. Amejibu nilete ushahidi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimetoka Dundori. Nilienda kutafuta ushahidi.

Nilifika kwa boda kukiwa na ukungu, nikajibanza nyuma ya kituo cha maziwa. Wakatokea. Wazee na wamathe, gumboot miguuni, mikebe ya maziwa, foleni mpaka kwa kona. Wakingoja maziwa yapimwe, wakatoa simu ndani ya makoti. Kimya kama kanisani. Khisa, Khisa, Khisa, wanaandika. Na Khisa mwenyewe hata hawaangalii. Yuko mteremkoni anawabebea akina mama mikebe, mmoja baada ya mwingine, kama ilivyo desturi yake, nimeambiwa, kila asubuhi kabla ya mazoezi.

Mathe mmoja, mama aitwaye Wariara, akaniona natetemeka kwa baridi, akanipeleka kwake ninywe chai. Nikamuuliza kijanja kama anamjua mtu anayeitwa Queen. Akanishika mkono mpaka zizini.

Mungu wangu! Utepe ule ule! Mnyama mkubwa, mweusi na mweupe, ananitazama moja kwa moja. Nilivua kofia, sijui kwa nini. Mathe akaeleza kwamba picha zake mwenyewe hutoka kama za kitambulisho, ndiyo sababu aliweka ya Queen.

"Mwenye ukurasa ameniandikia, eti kuna mjinga fulani wa mjini amesema mimi ni mashine," akaniambia, akiniongezea chai. "Wewe umempigia nani?"

Nikasema bado. Akasimama hapo na birika, akingoja. Na maziwa ya Queen yako tumboni mwangu. Ningefanya nini? Niliandika Khisa.

Jumamosi, 9 Agosti

Khisa ameshinda. Kaptembwo yote imeona kura yangu. Lewis alicheka mpaka akakaa chini. Kocha Salmin akaniita kando, nikajua hata benchi nimeikosa.

"Tangu nianze mpira sijaona mchezaji akimpigia mpinzani wake," akasema. "Kesho unaanza wewe."

Alikuwa na machozi. Sikumweleza habari ya chai.

Jumapili, 10 Agosti

Nimecheza fainali! Dakika zote! Tumefungwa mawili, yote na Khisa, yote kupitia upande wangu. La pili nilisahau kumkimbiza, nilikuwa namtazama tu. Mtu anapaa yule! Mwishoni aliniinua kutoka kwenye matope na kuniita mzee wangu. Sue aliona yote. Nina furaha, wacha niseme.

Jioni Umaima ameweka kura mpya: Tuzo ya Uungwana. Nimeteuliwa! Ninashindana na kipa wa Molo, aliyemwambia refa kwamba mpira ulivuka mstari. Watu wanampenda, nimeona. Nimeshajipigia kura, na Sue nimemtuma laini sita za simu nifungue akaunti zingine. Uungwana kama wangu huwezi kuwaachia watu tu waamue.