Helikopta ya Baba Mkwe

Jumanne, 1 Julai

Amekubali! Baba mkwe, Mzee Sifael, amekubali kwenda kutalii. Miaka yote amekaa hapa Marangu akitazama magari ya watalii yakipita mbele ya migomba yake, na tembo hajawahi kumwona ila kwenye kalenda. Sabasaba hii tunampeleka Ngorongoro.

Ametoa sharti moja. Haondoki bila bima. Anasema ng'ombe wake alikuwa na bima, na alipokufa bima ikalipa. Sasa iweje ng'ombe awe na bima halafu yeye aende kwa simba hivi hivi?

Kazi tumegawana. Davis, mume wa dada yake mke wangu, anashughulikia gari na vyumba. Mimi nachagua bima. Priska, mke wangu, amesema hiyo hata mimi siwezi kuiharibu. Nimeipokea kama pongezi.

Kihamba cha juu, shamba la ukoo, hakuna anayekitaja. Kile chenye kahawa, kinachopakana na kwetu. Mzee hana mtoto wa kiume, atakikabidhi kwa mkwe mmoja. Davis anajua. Mimi najua. Tunachekeana meno tu.

Jumatano, 2 Julai

Nimeshuka Moshi mjini. Wakala wa bima anaitwa Shamsia. Mpole, lakini maswali kama polisi! Ameniwekea mezani bima mbili. Ya kwanza ni ya mbugani: hospitali, gari kuharibika, ndege ya kubebea wagonjwa. Karatasi nyeupe, hata picha haina. Ya pili ina picha ya helikopta juu ya theluji.

Aisee! Helikopta ile sisi tunaijua. Inapita juu ya migomba ikimshusha mzungu aliyeishiwa pumzi, na watu wazima wanaacha majembe kuitazama. Bima ndiyo hiyo. Nyingine ni risiti tu.

Shamsia akasema hiyo ni ya wapanda mlima. Nikamwambia, dada yangu, mimi nimezaliwa mlimani, usinifundishe. Akauliza kama mzee atapanda mlima. Nikamjibu kwamba mzee anaishi mlimani, apande kwenda wapi tena? Akarudia kunieleza, polepole, kama mtu anayemsemesha kiziwi. Wakati huo mimi naitazama picha. Nikasaini kwamba nimeelezwa na nimeelewa. Saini yangu nzuri sana.

Ijumaa, 4 Julai

Ushindi! Nimempelekea mzee bima yake. Nikamwamkia, nikaifungua mbele ya watu wote. Aliitazama helikopta kwa muda mrefu. Akauliza kama inaweza kutua kwenye migomba bila kuiangusha. Nikasema rubani ni mtu wa akili. Akasema mbele ya wote kwamba Jovin anafikiri mbali.

Davis akaomba aisome. Akauliza mbona hakuna neno Ngorongoro. Nikamwambia wivu ni ugonjwa, na bima hii inatibu hata huo. Watu wakacheka. Mzee akaagiza niletewe mbege, pombe yetu ya ndizi. Davis akaletewa chai, tena ya baridi.

Kihamba nakiona kabisa. Nimeshachagua mahali pa kujenga banda la ng'ombe.

Jumapili, 6 Julai. Karatu

Siku mbaya. Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali.

Asubuhi mzee aligoma kuingia hifadhini kabla ya ibada, basi tukasali kwanza. Baadaye tukashuka kreta. Hatimaye mzee akamwona tembo! Alivua kofia, akamsalimu. Nilikaribia kulia, nasema kweli.

Kisha chakula cha mchana. Dereva alituonya tule ndani ya gari kwa sababu ya mwewe. Mzee akasema mwewe anamjua tangu utotoni. Akatoka na paja lake la kuku. Mwewe akashuka, fyuu, paja likaondoka.

Mtu mwingine angesikitika. Huyu ni mfugaji wa kuku wa Marangu! Mwewe akichukua, unamfukuza. Mzee akatimua mbio na fimbo, akimtukana mwewe kwa Kichagga, watalii wakimpiga picha, mpaka mguu ukaingia kwenye shimo la ngiri. Tulisikia mfupa.

Nilikuwa mtulivu kuliko wote. Nikatangaza kwamba asiguswe na mtu, helikopta inakuja. Nikampigia Shamsia. Akauliza mzee yuko juu ya geti gani la Kilimanjaro. Nikasema tuko Ngorongoro. Kisha akasema, kaka Jovin, nilikueleza.

Sikuwa na ujasiri wa kumwambia mzee. Nikasema wako njiani. Akalala kwenye nyasi akitazama juu. Kila ndege aliyepita, mzee alinyanyua mkono.

Mwisho Davis alininyang'anya simu, akazungumza na Shamsia mwenyewe. Akambeba mzee mgongoni hadi kwenye gari. Suruali yake ya kitambaa imechafuka kweli.

Jumanne, 8 Julai

Tumerudi Marangu. Mzee yuko kitandani, mguu umefungwa plasta hadi gotini. Gharama zote kalipa Davis. Hasemi. Anapenda sana kutosema.

Lakini akili yangu haijalala. Bima bado haijaisha muda! Kinachotakiwa ni mzee kuumia juu ya geti. Na geti liko hapa hapa juu yetu. Tunamkodia gari, tunampitisha getini, tunamlaza taratibu pembeni ya njia, tunapiga simu. Mguu si tayari umevunjika? Kazi kubwa imeshafanyika.

Nikamweleza mzee mpango wote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alisema hivi: pale kwenye nyasi alikuwa akitazama juu kwa sababu mimi nilimwambia inakuja. Akageukia ukutani.

Nimetoka nje nikakaa zizini. Mimi pia ni binadamu.

Alhamisi, 10 Julai

Priska amesema nisipokwenda kwa baba yake na jani la isale, lile la kuombea msamaha, yeye nyumbani kwangu harudi. Nikachuma moja, nikaongozana na mjomba wake kama desturi inavyotaka, nikapiga magoti mbele ya kitanda.

Isale haikataliwi. Anayeikataa anajitafutia laana, na kila mtu wa mlima huu anajua. Mzee aliliangalia jani, akaniangalia mimi, akaangalia jani tena. Akalipokea. Akasema amenisamehe.

Nikafuta machozi, nikauliza, basi baba, kuhusu kihamba?

Mjomba alipaliwa, akakohoa. Mzee akasema msamaha nimeuomba na nimepewa. Kihamba amepewa Davis, aliyembeba. Mikahawa yote, mpaka kwenye mpaka wetu.

Priska alilia njia nzima. Si kwa ajili ya shamba, amesema. Sikumwelewa.

Ijumaa, 11 Julai

Nimeamka mwepesi. Nimekaa uani nikiutazama mpaka kati yetu na kihamba cha Davis. Mpaka wenyewe ni mstari wa masale tu, mmea ule ule wa jani la jana, kama ilivyo mipaka yote ya huku. Nimejaribu kung'oa shina moja. Limetoka kirahisi, na nikilichomeka pengine linaota.

Nimewaza sana juu ya jana. Jambo zito kama lile, limeisha kwa jani moja! Bila wakala, bila kusaini, bila maswali. Na Davis ni mtu wa dini na wa mila, hawezi kulikataa.

Jumapili wote watakuwa ibadani. Nitasema tumbo linaniuma. Nitauhamisha mpaka kidogo tu, hatua chache, mpaka kwenye ile mikahawa iliyozaa vizuri. Davis akigundua na kupiga kelele, hakuna shida. Nitachuma jani pale pale.