Upinde Namba Thelathini

Jumatatu, 3 Juni

Nimeahidi tena. Mwaka jana nilimwahidi binti yangu upinde, ahadi nikaimeza nzima nzima. Ana miaka saba na anaongea kutwa, ndiyo maana tunamwita Chiriku, lakini siku ile hakusema neno. Afadhali angelia. Basi Jumamosi hii ni siku ya watoto kwenye uwanja wa mishale nyuma ya shule, kila mtoto aje na upinde. Mama Chiriku, bila kuinua macho kwenye nguo anazokunja, kaniambia safari hii nikimwangusha mtoto nitamweleza mwenyewe. Sawa. Mimi ni mtu mpya. Kocha wa uwanja huo katuma karatasi ya maelekezo. Nimesoma mistari miwili ya juu. Inatosha, upinde ni upinde.

Jumanne, 4 Juni

Dukani. Muuzaji kasema namba iliyoandikwa kwenye upinde ndiyo nguvu ya kuuvuta. Mtoto wa miaka saba aanze na kumi, na bora aje mwenyewe aujaribu. Akanitolea kitu chepesi kama hanga ya nguo. Nikauliza shemeji yangu alichukua namba ngapi. Huyo ni kaka wa mke wangu, fundi wa mafriji, hodari wa kunitangulia kwa kila jambo. Binti yake naye ana miaka saba. Kumi na tano, akasema muuzaji. Ahaa!

Nimechukua thelathini.

Sababu ninayo. Viatu vya shule mtu ananunuaje? Anaacha nafasi ya vidole viwili, mtoto akue navyo. Sweta? Mikono inakunjwa. Nani anamnunulia mtoto kitu cha kumtosha leo? Muuzaji akauliza umri tena. Nikasema kumi na nne. Mungu anisamehe, hata kope sikupepesa.

Jumatano, 5 Juni

Chiriku kaupokea kwa mikono miwili, kanikumbatia shingo mpaka nikakohoa. Kisha akavuta. Kamba ikasogea upana wa kidole. Akavuta tena, ulimi nje, mguu kaukanyagia ukutani. Kidole na nusu. Akaniuliza kwa upole kama upinde umelala. Nikamwambia ni upya tu, utalegea kama kiatu. Nikamwonyesha mimi mwenyewe. Nikavuta. Kitu kikalia, ka! Nilidhani ni upinde. Ni bega langu. Shati la kulalia nimevalishwa na mke wangu, naye hakuuliza kitu, jambo ambalo ni baya kuliko kuuliza.

Alhamisi, 6 Juni

Akili ni mali! Nimekwenda na upinde kazini. Kwenye karakana yetu ya magodoro kila kigumu kinalainishwa kwa uzito. Nimeufunga kwenye boriti, nikaning'iniza robota la mabaki ya sponji kwenye kamba yake, ukae hivyo mpaka jioni ulegee. Msimamizi akauliza hiyo ni mashine gani. Nikasema kifaa cha mtoto. Akasema basi huyo mtoto lazima ana mabega.

Saa nane mchana robota likachomoka. Kamba ikajirudia tupu, pwaa! Chai ya msimamizi haikumwagika, nashukuru. Ila upinde umepata ufa wa urefu wa kiganja.

Nimeugundisha. Miaka kumi na tisa nagundisha magodoro, hakuna aliyerudi kulalamika. Ufa nimeufunika kwa utepe mwekundu. Unapendeza kuliko ulivyotoka dukani.

Ijumaa, 7 Juni

Chiriku kasema kesho haendi. Tumbo linamuuma. Baadaye ikawa mguu. Mama yake akamkalisha, akamuuliza taratibu. Mimi nilikuwa mlangoni, nimeshika viatu mkononi.

"Mikono yangu mibovu," akasema. "Binti wa mjomba anaweza. Baba kaninunulia upinde mzuri, halafu mimi siwezi."

Nilikaa chini pale pale kizingitini. Nikasema yote. Karatasi niliyoisoma nusu, kumi na nne, robota, ufa chini ya utepe. Mama Chiriku aliuliza swali moja tu: upinde wenye ufa, ukipasukia mbele ya uso wa mtoto, vipande vinakwenda wapi? Nilihisi baridi mpaka kwenye nyayo.

"Mikono yako haina kosa, mwanangu," nikasema. "Kosa ni langu."

Akafikiri. Akauliza kama mimi mwenyewe naweza kuuvuta. Nikakiri kwamba siwezi. Akacheka mpaka tumbo likapona.

Upinde nimeuvunja vipande viwili, asije akauokota mtu. Kisha nikaenda kwa shemeji kuomba msaada, jambo ambalo sijalifanya tangu harusi yangu. Nilitegemea kejeli na nikaipata: aliuliza kama nilipanga kuwinda tembo. Lakini akakiri kwamba hata ile kumi na tano ilimshinda mwanawe, Kocha akambadilishia. Watoto watapokezana huo mwepesi, akasema, yaishe, shem. Akanipiga begani. Lile lile bovu. Nikamshukuru hivyo hivyo.

Jumamosi, 8 Juni

Kocha alikuwa nesi zamani. Anashika mkono wa mtoto kama anayepima mapigo. Alimpa Chiriku upinde namba kumi, akamwambia avute, ashikilie mpaka tuhesabu kumi. Tulihesabu wote, na shemeji akapaza sauti kuliko mimi. Chiriku akashikilia mpaka mwisho. Mshale wa kwanza, majanini. Wa pili mpaka sasa hatujauona. Wa tatu ukaingia kwenye ukingo mweupe wa shabaha, ukakaa. Chiriku aligeuka kutafuta uso wa mtu. Alikuwa anautafuta wangu. Pamoja na yote hayo, wangu!

Kocha kasema uwanja unaazimisha pinde. Mtoto akiongeza nguvu anarudisha, anachukua nyingine. Iliandikwa kwenye karatasi. Mstari wa tatu.

Jumapili, 9 Juni

Leo ni kushukuru tu. Namshukuru mke wangu kwa swali lile moja. Namshukuru Kocha. Namshukuru shemeji, ingawa hadithi ya tembo ameshaisambaza. Zaidi ya wote namshukuru mtoto, ambaye asubuhi ameongea habari ya mshale wa tatu tangu chai mpaka chakula cha mchana bila kupumzika. Sistahili, lakini nimepewa. Nimeapa kutomtwisha tena mzigo usio wake.

Kocha ametoa fomu ya mashindano ya mwezi ujao. Safari hii nimeisoma yote, neno kwa neno, mbele na nyuma. Kuna kundi la miaka saba hadi tisa, ambamo shemeji kamwandikisha binti yake. Na kuna kundi la kumi hadi kumi na mbili, ambalo lina kombe.

Panapoulizwa umri nimeandika kumi. Kwani hatafika?