Mama Mkwe Amefika Lodwar

Redio ya Nyaboth ilikuwa haijamaliza kutaja bei mpya ya petroli, na tayari Wandera alikuwa amesimama, kikombe mkononi, macho yamemtoka.

"Wamepandisha tena! Mmesikia? Yaani sasa mtu akitaka kwenda Lodwar na kurudi auze figo?"

"Auze mbuzi," akasema Nyuon. "Figo yako nani atanunua? Imekauka na hii jua."

Barasa alipuliza kahawa yake ya tangawizi, akatabasamu kama mtu aliyepata habari njema. Siku za kupanda kwa mafuta ndizo zilikuwa sikukuu zake, na wenzake walilijua hilo, wakamchukia kidogo kila mwezi.

Kijiwe chenyewe kilikuwa mabenchi mawili chini ya banda la mabati la Nyaboth, kando ya lami inayotoka Lodwar na kupita Kakuma. Nyaboth, ambaye wateja walimwita Mama Tangawizi, alichemsha kahawa kwenye chungu cha shingo ndefu, akaimimina huku akiwasikiliza. Mbele ya banda yalikuwa yameegeshwa magari matatu ya kubeba familia. Noah nyeupe ilikuwa ya Wandera, mfanyabiashara wa saruji na mabati kutoka Busia, aliyeitwa Kiyoyozi kwa sababu hakujua kuzungumzia kitu kingine. Voxy nyeusi ilikuwa ya Nyuon, mkimbizi mwenye duka la nguo kambini, mrefu kiasi kwamba watu walimwita Mlingoti. Ile Wish ya kijivu ilikuwa ya Barasa, mtu wa idara ya mifugo, mchanjaji wa mbuzi. Huyo aliitwa Daktari, naye hakuwahi kumsahihisha mtu.

"Mimi hiyo bei hainihusu," Barasa akasema mwishowe. "Wish yangu inaenda kilomita kumi na nane kwa lita."

"Ameanza," Wandera akaketi. "Juzi ilikuwa kumi na sita."

"Juzi sikuwa nimetoa viti vya nyuma."

Nyaboth aliacha kumimina.

"Umetoa viti?" akauliza Nyuon.

"Safu ya tatu. Uzito wa bure. Niko na mke na mtoto wa wiki tatu, viti saba ni vya nani? Viko sebuleni, wageni wanakalia. Na spea nimeacha nyumbani."

"Spea tairi!" Wandera akashika kichwa. "Huku Turkana, mwiba mmoja unatoboa tairi na roho ya dereva, wewe unatembea bila spea?"

"Tairi inapasuka mara moja kwa mwaka, buda. Mafuta nanunua kila wiki. Piga hesabu."

"Na kiyoyozi?"

"Nafungua dirisha. Upepo ni wa Mungu."

"Huo si upepo, ni vumbi la Mungu! Daktari, hiyo si gari ya familia, hiyo ni toroli ina redio. Mimi Noah yangu ukifunga mlango, uko Limuru. Juzi nilibeba mzee mmoja kutoka Lorugum, kufika hapa akaniuliza kama naweza kumkopesha sweta."

"Alikuwa na malaria," akasema Nyuon.

"Na milango inafunguka yenyewe. Nabonyeza tu, shwaaa! Mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo mkononi anaingia bila kugusa kitu."

"Ya kwangu pia inafunguka," Nyuon akasema. "Tena inaongea. Kila asubuhi nikiwasha, mwanamke anaongea Kijapani. Mimi namjibu *ejok*, kama namsalimia Mturkana. Mwaka wa pili sasa, tunaelewana kuliko mimi na shemeji yangu."

"Lakini magoti yako yanakaa wapi?" Barasa akauliza.

"Moja kwa usukani, moja kwa dirisha. Malesh, si kitu, Mjapani aliyeitengeneza hakunijua." Nyuon akanyoosha miguu hadi karibu na barabara. "Lakini kwa mambo ya mafuta, nyinyi wawili nyamazeni. Mimi najaza tangi leo, nakumbuka tena Krismasi."

"Kwa sababu gani?"

"Nitaenda wapi? Kakuma mpaka Kalobeyei, Kalobeyei mpaka Kakuma. Pale kizuizini polisi wanauliza karatasi ya kutoka. Gari yangu ina ruhusa ya kwenda mpaka Mombasa. Mwenye gari ndiye hana."

Walicheka, kisha wakaacha kucheka, maana Nyuon mwenyewe hakuwa amecheka. Wandera akakohoa na kuigeuza simu yake juu chini.

Ndipo simu ya Barasa ikalia. Alikuwa Bilha, mke wake, na kwa kuwa Barasa alipenda watu wasikie jinsi anavyoheshimiwa, aliiweka kwenye sauti kubwa.

"Baba Ashley, uko wapi?"

"Niko kazini, Mama Ashley."

Nyaboth akakohoa kwa makusudi.

"Mama amefika Lodwar. Basi la Kitale limemshusha stendi tangu saa moja. Sasa ni saa nne."

"Aa. Karibu sana mama. Basi apande gari aje."

"Magari matatu yamejaa yakaondoka, nimemkataza kupanda. Nimemwambia mume wangu ana gari lake la familia, lina starehe na halili mafuta, anakuja kukuchukua mwenyewe. Si ndivyo umekuwa ukiniambia? Ameketi juani na kuku na mkungu wa ndizi. Ameanza kuniuliza kama kweli niliolewa."

Simu ikakatika. Barasa aliweka kikombe chini. Huyu alikuwa mama aliyemzaa Bilha, mama ambaye hata siku ya mahari alikuwa amekaa nyumba ya pili ili wasionane, na sasa alikuwa akiungua jua la Lodwar kwa ajili ya maneno ya mkwe wake. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayoanzia masikioni.

"Simama, uende," akasema Nyaboth. "Lami ni nzuri. Kwa saa mbili umefika."

"Siwezi."

"Mafuta huna?"

"Mafuta ninayo. Mama Tangawizi, wewe huelewi. Kwetu Bungoma mtu na mama mkwe wake hawakai pamoja. Mkikutana njiani, mmoja anaingia vichakani. Simpi mkono, sili mbele yake. Sasa nimkalishe nyuma ya mgongo wangu saa mbili nzima? Na kile kioo cha katikati! Nikitazama lori lililo nyuma, naona uso wake!"

Alidhani watamcheka. Lakini Nyuon alikuwa ameacha kunyoosha miguu na kukaa wima, kama mtu aliyeingia kanisani.

"Hiyo ni kweli," akasema. "Hata sisi Wanuer. Mama wa mke wako, unamheshimu kama moto. Kula mbele yake, haiwezekani. Daktari ana shida."

"Kama kungekuwa na safu ya tatu," Wandera akasema polepole, akiionja kila silabi, "mama angekaa nyuma kabisa. Katikati unatundika leso. Wewe huko mbele, yeye huko nyuma, kama watu wa nchi mbili. Hiyo ndiyo maana ya gari la familia, Daktari. Lakini safu ya tatu iko sebuleni."

"Nimesikia, Kiyoyozi."

"Wageni wanakalia."

"Nimesema nimesikia! Basi wewe nenda na Noah yako. Ina safu tatu, ina kiyoyozi, ina milango ya kujifungua. Nenda unichukulie mama."

Wandera akaangalia Noah yake. Akaangalia redio. Sura yake ikabadilika, ikawa ya mtu anayetoa pole msibani.

"Ile Noah, ndugu yangu… nitakueleza ukweli. Ile kitu inakunywa. Inakunywa kama mjomba kwenye harusi. Ukiwasha kiyoyozi, mshale unashuka ukiuona kwa macho. Na bei ndiyo hii mmesikia."

"Asubuhi hii ulisema unaenda Kitale na kurudi kwa tangi moja!"

"Nilikuwa nasema kwa ujumla."

Barasa akamgeukia Nyuon, lakini Nyuon alishainua mikono yake mirefu. "Karatasi," akasema tu.

"Nyinyi wanaume mnanichosha," akasema Nyaboth. Aliweka chungu chini. "Mama mzee yuko juani. Wandera si mkwe wake. Wandera achukue Wish ya Daktari, yenye mafuta ya Daktari, aende. Mama akae nyuma, Daktari abaki hapa. Kalas, imeisha. Ni nini ngumu?"

Watu wakatazamana. Ilikuwa kweli. Halikuwa jambo gumu hata kidogo. Wandera akanyoosha mkono.

"Lete ufunguo. Kwa heshima ya mama, nitaenda. Naweka kiyoyozi namba tatu, mama anafika kama amekaa Limuru."

Mkono wa Barasa, uliokuwa umeshaingia mfukoni, ukasimama humo humo.

"Kiyoyozi cha nini? Fungua madirisha."

"Daktari, ni mama mzima! Amesafiri usiku kucha kutoka Bungoma. Nimpakie kwa vumbi kama gunia la saruji?"

"Namba moja basi."

"Namba moja ni feni tu."

"Basi namba moja hadi kufika Lodwar, na namba mbili wakati wa kurudi, mama akiwa ndani. Na usizidi sitini."

"Sitini! Kilomita mia na ishirini, kwa mwendo wa sitini, tutafika na mtoto Ashley ameanza shule!"

"Na kwenye mteremko uondoe gia, gari lishuke lenyewe."

"Mimi siwezi kuendesha gari ya mtu kwa masharti ya mganga."

"Na mimi siwezi kuharibiwa hesabu! Miezi minne nimeandika kila lita. Kumi na nane! Wewe mguu wako mzito, utaniletea tisa, nitaanza upya!"

Nyuon akajaribu kuwapatanisha kwa kupendekeza sabini na kiyoyozi namba mbili. Wandera akasema themanini. Barasa akasema sitini na tano, mama apewe kitambaa chenye maji. Walipandishiana na kushushiana namna hiyo, wakasimama, wakakaa, wakaitana majina ya kwao Busia na Bungoma ambayo Nyuon hakuyaelewa ila aliyafurahia. Kahawa ilipoa. Bilha alipiga simu mara tatu, na kila mara Barasa alijibu, "Tunapanga, Mama Ashley, tunapanga usafiri," kisha akarudi kwenye namba. Ndani ya moyo wake alijua kuwa kila dakika ilikuwa ya mama juani. Lakini ile kumi na nane ilikuwa imemkaa kichwani, na hakuna aliyeweza kuitoa.

Walikuwa wamefikia sabini na mbili, kiyoyozi namba moja na nusu, namba ambayo haipo, wakati lori lililopeleka mbuzi mnadani Lodwar liliporudi tupu na kusimama mbele ya banda. Dereva, Mturkana mwenye kofia ya manyoya, akainua mkono.

"Ejok!"

"Ejok-nooi," wakamjibu.

Mlango wa pili wa lori ukafunguka. Kwanza ulitoka mkungu wa ndizi. Akafuata kuku, hai na amekasirika. Kisha ukashuka mguu uliovaa kiatu cha kanisani.

Barasa aliutambua mkungu kabla ya mtu. Hakufikiri. Aliruka benchi, akavuka mtaro, akajitumbukiza kwenye kichaka cha mathenge nyuma ya banda, na miiba yote ya Turkana ikampokea. Nyuon, kwa adabu ya kwao, akageukia ukutani. Wandera akabaki peke yake, akajifanya anasoma kibandiko cha bima kwenye kioo cha Noah.

Mama alikuwa mfupi, mtulivu, amejaa vumbi hadi kope. Alimpa Nyaboth mkono, akapokea kikombe, akanywa chote akiwa amesimama. Alipomaliza, akayaangalia yale magari matatu, ambayo dereva alikuwa amemsimulia njiani, moja baada ya jingine.

"Mwanangu," akamwambia Nyaboth, "la mkwe wangu ni lipi?"

Nyaboth akanyoosha kidole kwenye Wish. Mama akaizunguka. Akachungulia nyuma, pale palipokuwa na viti. Akapitisha kidole kwenye kioo, kidole kikarudi na vumbi nene la gari lililolala. Kichaka cha mathenge kikatikisika kidogo, kisha kikatulia.

Mama hakukitazama. Alijua mipaka yake. Mkwe huongei naye, unamtuma mtu.

"Mwanangu, nifikishie neno kwa mwenye gari hili, popote alipo. Mwambie nimefika salama. Huyu dereva wa mbuzi ameniweka mbele, akaniwashia redio, wala hakuniuliza uzito wangu. Mwambie binti yangu alinisifia kwamba gari hili halili mafuta, na leo nimeshuhudia kwa macho yangu. Hata jiko langu kule nyumbani halili kuni, siku nikilala njaa."

Akamrudishia Nyaboth kikombe, akapandisha kuku, akapandisha ndizi, akapanda mwenyewe bila kusaidiwa. Lori likaondoka kuelekea kwa Bilha.

Wandera alikuwa amemaliza kusoma kibandiko cha bima, ameanza tena kutoka juu. Nyaboth akajifuta mikono kwenye kanga, akakiendea kile kichaka, akasimama mbele yake kwa heshima zote, maana alikuwa ametumwa na mama wa watu.

"Daktari," akasema. "Mama anasema amefika salama."

"Nimesikia, Mama Tangawizi."

"Ngoja, bado sijamaliza." Akaanza tangu mwanzo, polepole, kwa sauti ya kufika barabarani, bila kuacha hata neno moja, hadi kwenye jiko.