Kuhusu Msanii Wangu Aliyeharibiwa kwa Kuulizwa Maswali

Studio ya Ochoki,
Soko la Birongo.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Uzinduzi wa Wimbo wa Phanice
(ambaye pia ni Baba Mdogo Ongeri).

Mheshimiwa Mwenyekiti, Baba Mdogo,

KUH: OMBI LA KUZUIA WIMBO WA PILI NA KUURUDISHA WA KWANZA

Nakusalimu kwa heshima zote mbili, ya cheo na ya ukoo. Nimeamua kuandika kwa sababu nikija nyumbani, Mama Mdogo Esnah ataniwekea chai na ndizi za kuchemsha, na mimi nikishiba siwezi kulalamika sawasawa.

Jambo lenyewe ni hili. Jumapili tunazindua wimbo wa binti yenu Phanice. Wimbo huo niliutengeneza mimi, biti yangu (yaani mdundo wenyewe), kompyuta yangu, jasho langu. Kisha Phanice akaenda Nyansiongo kwa mama mmoja anayeitwa Drusilla, anayejiita prodyuza, na akarudi na wimbo mwingine kabisa. Huo wa pili ukipigwa Jumapili, mimi niliyemrekodi dada yangu miaka miwili nitakaa kwenye viti vya wageni kama mtu aliyefuata harufu ya wali. Sikubali! Malalamiko yangu nimeyapanga kwa nambari ili kamati isipate shida.

1. Uvivu. Mimi hutoa wimbo kwa dakika arobaini, na kumi kati ya hizo huwa ni za kungoja kompyuta iwake. Biti huwa tayari, mwimbaji anaingia, anaimba, anatoka, anaingia mwingine. Drusilla alimkalisha Phanice wiki tatu, na wiki ya kwanza hakumrekodi hata kukohoa. Walikunywa maziwa wakaongea. Kuongea, Baba Mdogo, ndani ya studio! Alimuuliza wimbo unamhusu nani. Mimi katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kumuuliza msanii swali kama hilo, kwa sababu nina adabu.

2. Dharau kwa biti. Biti yangu iko juu, na mwimbaji anatakiwa kupanda aifikie. Phanice alikuwa akipanda vizuri tu. Ni kweli mishipa ya shingo ilimtoka na mara moja alizirai kidogo, lakini alipanda. Drusilla ameushusha muziki wote mpaka pale sauti ya Phanice inapokaa. Sasa msanii anaimba bila kuumia, na wasikilizaji watajuaje kwamba anafanya kazi?

3. Kufutwa kwa jina langu. Katika wimbo wa kwanza niliweka sauti yangu ikinguruma "Ochoki tena!" mara kumi na moja. Niliiweka pia katikati ya sala inayofunga wimbo. Drusilla ameziondoa zote, pamoja na king'ora, radi, na mlio wa kioo kuvunjika, ambao nilikuwa nimeupenda sana.

4. Uongo kwamba biti yangu imetumika. Drusilla amemwambia Phanice kwamba biti ile imeshasikika kwingine. Hilo si kosa, hiyo ni sifa! Nimewapa biti hiyo kwaya ya akina mama, kwaya ya vijana, muuza rangi za nyumba, na kijana mmoja aliyetaka kumwomba msamaha mchumba wake Cynthia (alisamehewa). Wewe mwenyewe ulikuwepo kwenye makambi ya kanisa mwezi wa Agosti. Biti ilipoanza, akina mama wakasimama, na vijana nao wakasimama kwa sababu walijua ni yao. Wakapanda jukwaani pande zote mbili, wakaimba nyimbo mbili tofauti mwanzo mpaka mwisho, wakamaliza pamoja. Mchungaji alishika kichwa. Mimi nilisimama nyuma nikiona umoja wa kanisa kwa macho yangu.

5. Maneno. Wimbo wangu ulikuwa na maneno mazuri niliyoyaandika mimi, "Twende juu, juu, juu zaidi," na yalifaa kila shughuli. Drusilla alipomuuliza Phanice kama ana maneno yake, Phanice akatoa daftari. Kumbe yalikuwemo humo siku zote! Miaka miwili ameketi kwenye benchi langu na daftari mapajani, na mimi nikidhani ni la shule ya Sabato. Kwa nini hakusema? Namlaumu kwa hilo. Sawa, sikumuuliza, lakini rudi uangalie nambari ya kwanza, nilishaeleza habari ya adabu.

6. Kunyamaza. Hapa, Mwenyekiti, naomba kamati ikae vizuri. Wimbo wa Drusilla unamhusu Mama Mdogo Esnah akirudi kutoka soko la Daraja Mbili jioni baada ya kuuza ndizi. Anaimba akiwa bado mbali huko kilimani, na watoto wakisikia sauti yake wanajua ni wakati wa kuteleka maji ya ugali. Sawa, kila mama hurudi nyumbani. Lakini Phanice akifika pale watoto wanaposikiliza, muziki wote unazima! Hakuna ngoma, hakuna kinanda, hakuna chochote. Unasikia pumzi yake tu. Kisha mbali kabisa sauti ya mama anayerudi inaanza, kwa Kigusii, pole pole, inakaribia. Ala! Mahali pale mimi ningeweka radi mbili na bado nafasi ingebaki.

7. Madhara kwa umma. Siku mliyousikiliza pale nyumbani niliona kwa macho yangu. Mama Mdogo alicheka, kisha akajifunika uso kwa leso. Mzee Mokua, ambaye hajawahi kumpongeza mtu tangu nimjue, aliomba upigwe tena. Wewe, Mwenyekiti, uliondoka ukisema unaenda kuangalia ng'ombe. Ng'ombe walikuwa wamesimama mbele yetu. Biti yangu imechezwa sokoni mwaka mzima na haijamliza hata mtoto mchanga.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Wimbo wa pili uzuiwe. Phanice arudishiwe sauti aliyokuwa nayo alipotoka kwangu. Waliolia waandike barua ya kuniomba radhi, kila mtu na yake. Na ipigwe marufuku katika Kisii na Nyamira yote mtu kumuuliza msanii maswali bila kibali. Kamati ikiona vigumu, basi nyimbo zote mbili zipigwe Jumapili kwa wakati mmoja, na tutakaposikia "Ochoki tena!" katikati ya ule ukimya, wananchi wataamua.

Wasalimie Mama Mdogo, Mzee Mokua, na ng'ombe uliowaangalia. Msalimie pia Phanice, lakini kwa ukali kidogo.

Ni mimi mtoto wako niliyeumia roho,
Ochoki,
Mtengenezaji wa Biti.

Tanbihi: Baba Mdogo, nilikuwa nimeshafunga bahasha. Nikaona niambatanishe ushahidi, nyimbo zote mbili, kamati isikie yenyewe makosa ya Drusilla. Nikaanza na wake. Hiyo ilikuwa asubuhi, sasa ni saa tisa, na wangu sijaufungua. Jirani yangu wa kinu cha kusaga mahindi amezima mashine ili asikie. Wateja wake wamekaa chini juu ya magunia, na kila ukiisha wananiangalia, nami naurudisha. Nimelia, na si mara moja. Niliogopa kwamba Phanice akiwa mwimbaji mzuri hivi hatanihitaji tena, na ni kweli, hanihitaji, na nimefurahi mpaka nashindwa kukaa! Jumapili pigeni huo wa pili peke yake. Spika nitaleta mimi, nitazifunga kabla watu hawajafika, na nitasimama karibu nazo kabisa.