Kompresa Inavuja, Cheo ni Changu

Jumatatu, 3 Machi

Habari njema. Mzee Kimeli, mkuu wetu wa mitambo hapa kiwanda cha maziwa Njoro, anastaafu mwisho wa mwezi. Wa kumrithi ni wawili tu, mimi na fundi mwenzangu Cheptanui. Wakurugenzi wa ushirika wanakuja Ijumaa kututazama. Nimemwambia mke wangu Wachuka kwamba cheo nimeshapewa. Karibu.

Tatizo ni moja. Kompresa kubwa ya kupozea maziwa inavuja oili kwenye sili, kile kizuizi cha oili pale shafti inapoingilia. Zamani ilikuwa tone moja moja, linatoka kwa kijibomba chake na kuingia mkebeni. Sasa ni mfululizo. Cheptanui anasema sili hailiki bure, tutafute sababu kwanza. Maneno ya kupoteza muda. Si mikanda inayoizungusha, maana niliikaza mwenyewe wiki jana mpaka ikaacha kelele. Ukiigonga inalia kama gitaa.

Jumanne, 4 Machi

Mzee Kimeli ameenda Nakuru mjini kufuata pensheni. Cheptanui anaingia mchana. Nafasi ndiyo hii! Maziwa ya asubuhi yalipopoa nikazima mashine, nikafunga vali, nikatia sili mpya peke yangu. Gesi ya amonia iliyobaki ilinitoa machozi mpaka mathe wa chai akanipa pole ya msiba. Niliipokea, pamoja na andazi.

Sili yenyewe ilikuwa na uso laini mno, unang'aa kama kioo. Sikuuamini. Kitu laini hivyo kitashikaje? Nikaupiga msasa kidogo.

Saa kumi jioni. Inavuja kuliko jana. Spea za siku hizi ni bure kabisa.

Jumatano, 5 Machi

Cheptanui amekuta mkebe umejaa. Akauliza ni nani aliyefungua mashine. Nikasema huenda ni joto. Akataka tuwashe ile kompresa ndogo ya akiba, hii kubwa tuifungue tuone ndani. Nikamwahi kwa Mzee Kimeli. Nikamweleza kwamba kuna mtu anataka wageni wakute mtambo umekufa. Mzee akafikiri sana, akasema haya Jamleck, basi mashine iko mikononi mwako.

Cheptanui akaenda kunawa mikono. Sikupenda alivyonawa.

Alhamisi, 6 Machi

Wageni wakija kwetu, hata mawe ya getini hupakwa chokaa. Kwa nini kompresa iachwe uchi? Nimeipaka rangi ya kijani yote, nati zake, vali zake, na kile kidirisha cha kuangalia oili, ambacho kilikuwa kinaharibu mpangilio.

Kikabaki kijibomba kinachodondosha. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikachonga kijiti, nikakipigilia ndani kwa nyundo. Kimya. Hakuna tone. Sakafu kavu, unaweza kulia ugali hapo. Nilisimama nikaitazama kazi yangu kwa muda mrefu, nikasikia fahari.

Nyumbani, Wachuka ameshawaambia kina mama wa kanisa. Jumapili tutaitwa mbele tuombewe mimi na cheo changu.

Ijumaa, 7 Machi

Niandike polepole.

Wakurugenzi walifika saa nne. Walisifu rangi. Mwenyekiti, Mzee Mathenge, alivaa suti ya kijivu hafifu. Mchungaji waliyekuja naye akaomba wote wajipange mbele ya kompresa, wafumbe macho, aombee mitambo.

Kumbe oili ikikosa njia yake hujitafutia nyingine. Ilikuwa imejaa ndani usiku kucha. Ikatambaa juu ya shafti hadi kwenye gurudumu la mikanda, na gurudumu likaigawa kwa wote, kuanzia mwenyekiti. Mkurugenzi mmoja alidhani ni mafuta ya upako, akasema amina.

Halafu mikanda ikalowa, ikateleza, kompresa ikapoteza nguvu. Maziwa ya wakulima yalikuwa tangini, yakaanza kupata joto. Mimi nilikuwa nikimpangusa mwenyekiti. Cheptanui akazima mashine, akawasha ile ndogo, maziwa yakapona.

Kisha akachomoa kijiti changu mbele ya watu. Akabonyeza mkanda kwa kidole gumba. Haukubonyea hata kidogo. Akawaeleza kwamba mkanda ukikazwa kupita kiasi huvuta shafti upande, na sili inalika. Akasema tone moja moja halina neno, sili yenyewe huhitaji oili kidogo isiungue. Wakatikisa vichwa huku wakijifuta. Mzee Mathenge akauliza ni nani aliyepaka kidirisha rangi. Nikamwambia haibanduki.

Jumamosi, 8 Machi

Amepewa Cheptanui. Nimeumia. Nilimeza chai bila sukari na sikugundua.

Mimi sikufukuzwa. Mzee Kimeli aliniambia kwamba Cheptanui ndiye aliyeniombea nibaki. Mchana Cheptanui mwenyewe akaniita, akanikaribisha kiti, akasema boss, yaliyopita yamepita. Ameshalegeza mikanda na kutia sili nyingine bila kuigusa uso. Kazi yangu ni kuichunga. Nikiona isiyo ya kawaida nimpigie simu, saa yoyote. Alisema kwa upole kabisa. Nusura nimshukuru.

Njiani nikaelewa. Mtu hampi adui yake namba ya simu bure. Huyu ananiogopa! Basi nitamripotia kila kitu, mpaka achoke na kukirudisha cheo mwenyewe.

Jumapili, 9 Machi

Nimeomba zamu ya leo. Wachuka ameenda kanisani peke yake. Nilimwambia wakuu hawana Jumapili.

Nimeweka kiti mbele ya sili tangu asubuhi. Saa tano kamili, tone. Nikampigia Cheptanui. Alikuwa ibadani, nyuma yake kwaya inaimba. Akaniuliza kwa kunong'ona kama ni hilo moja tu. Nikamwambia asikate simu, la pili linakaribia.